Ngalawa ya futi 19 au mashua ya futi 29? Nimezijaribu zote mbili hapa Tanga

Wadau wa bahari, hii ni kwa yeyote anayetafuta chombo cha tanga kilichotumika hapa Tanga, sio boti ya faiba ya mashine, nasema chombo cha upepo kabisa. Sisi tuko wanne, tumechanga hela, na tunataka chombo kimoja kifanye kazi mbili: wikiendi tutoke na familia twende kisiwa cha Ulenge, tukipata nafasi tushuke mpaka Pangani na kisiwa cha Maziwe, na sikukuu zikifika tuingie kwenye resi badala ya kukaa ufukweni kushangilia watu wengine. Tumezunguka sana, tumeonyeshwa vyombo vingine mpaka aibu, mwisho tukabaki na viwili vya maana. Ngalawa ya futi 19 iko Sahare, mwenyewe kaanzia milioni 2 na laki 2. Na mashua ya futi 29 iko ufukwe wa Deep Sea, anataka milioni 11, humo ndani kuna mashine ya nyuma ya hospawa 15 na nanga mbili.

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aende zake. Mashua ndo chombo bora. Ila mi sishauri tuinunue, na wenzangu wawili wameshanielewa, mmoja bado kanuna.

Tuanze na ngalawa. Ni gogo la mwembe lililochongwa, juu kaongezewa ubao mmoja kila upande kuzuia maji yasiruke ndani, na mirengu miwili, ile miti ya pembeni, imekatiza na vibao vyake vya kuelea huku na huku. Umbo lake ni zuri, kaichonga mtu anayejua, mbele imechongoka vizuri na tumbo halijaachwa nene. Kasoro ya kwanza unaiona hata ukiwa mbali, kuna ufa upande wa mbele umezibwa kwa bati na lami na misumari midogo midogo. Mwenyewe hakuficha, kasema imepigwa mwamba. Ufa wa hivyo kwenye gogo sio mwisho wa dunia, ngalawa nyingi zinafanya kazi miaka na kiraka chake, cha kuangalia ni kama ufa unaendelea kutembea kuelekea chini au umesimama. Huu umesimama, nimebandua lami kidogo kwa ruhusa yake nikaona mwisho wa ufa wametoboa tundu dogo wakalizibia kijiti, hiyo ni kazi ya fundi, inazuia ufa usiendelee.

Kilichonisumbua zaidi ni kamba za kufungia mirengu. Watu wakinunua ngalawa wanaangalia gogo wanasahau kwamba usalama wote uko kwenye zile kamba, zikikatika mrengu unaondoka na ngalawa bila mrengu ni gogo linaloelea tu, haina uwezo wa kusimama na tanga. Za hii ni nailoni iliyochakaa kwa jua, ukiisugua kwa kidole inatoa unga. Yaani tuko mkoa wa mkonge, nchi nzima inajua, afu kwenye vyombo vyetu ni nailoni tupu, lakini ndo hivyo, katani ikilowa na kukauka kila siku haidumu, sio siri. Kamba zote zibadilishwe kabla ya kutoka na familia, hilo nimeliweka kwenye hesabu.

Majini sasa. Aisee. Tumetoka Sahare asubuhi umande bado unavuma kutoka nchi kavu, bahari imelala, ikaanza kuteleza na kaupepo ambako mashua isingetikisika hata. Saa nne hivi kusi, ule upepo wa kusini, ikaingia vizuri, tukaielekeza Ulenge upepo ukiwa unatoka nyuma kwa ubavuni, simu yangu ilikuwa inasoma mpaka kilomita 14 kwa saa, na mwenzangu kakaa kwenye mrengu wa juu kama kakaa kwenye bembea anacheka peke yake. Kwa resi hii kitu inapendeza. Ni nyepesi, mtu mmoja akisogea nusu hatua unaisikia, na ukikaza demani, kamba ya kuvutia tanga, inajibu papo hapo.

Ila kuna mambo ya kuchunga. Ukizembea kwenye upepo mkali, kibao cha upande wa chini kinazama na kuchimba maji, mwendo unakatika ghafla, na hapo ndo ngalawa hupinduka. Ikishapinduka kuigeuza katikati ya bahari ni shughuli, ile mirengu inayokusaidia ikiwa wima ndo hiyo hiyo inayokukatalia ikiwa kichwa chini. Kwahiyo demani haifungwi, inashikwa mkononi muda wote, na anayeishika asiwe anapiga selfi. Kibao cha kushoto pia kimepungua, kimeliwa na wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, ukikigonga kinatoa sauti ya utupu. Kibadilishwe tu, sio ghali.

Kurudi ndo tukafanya kazi. Kusi inatoka huko huko tunakokwenda, ikabidi kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku kuukabili upepo. Ngalawa haina mkuku, ule uti wa chini, wa maana, vile vibao vya pembeni vinasaidia kidogo kuizuia isisukumwe kando lakini usitegemee miujiza, kila ukipindua tanga kwenda upande wa pili unajikuta umepanda kidogo tu kuliko ulivyotarajia. Uzuri wake kupindua ni rahisi, wawili wanatosha, mmoja kwenye usukani mwingine anapitisha foromali, ule mti unaobeba tanga, mbele ya mlingoti, dakika haijaisha mko upande wa pili. Maji yanaingia, hilo usibishane nalo. Abiria wa ngalawa analowa kuanzia kiunoni mpaka kichwani, mama yangu mzazi hawezi kupanda, na mtoto mdogo simpeleki kukiwa na mawimbi ya alasiri. Ndani upana ni wa makalio ya mtu mmoja, hakuna pa kulala, hakuna pa jiko, mzigo wako ni begi moja lililofungwa kwenye nailoni na dumu la maji. Watu sita ni mwisho, na wawe wembamba.

Mashua ni dunia nyingine. Mbao za mninga, mkuku mzito wa mvule, nyuma imekatwa bapa na usukani umening'inia hapo na kana ndefu, ule mpini wa kuushikia. Ukipanda haiyumbi, unatembea ndani kama mtu. Wanawake wanakaa vizuri, watoto wanalala chini ya kivuli cha turubai, mbele kuna kisanduku cha mchanga unaweka jiko la mkaa watu wanakunywa chai katikati ya bahari. Kwa safari ya Pangani hakuna mjadala. Ukitoka Tanga asubuhi na upepo mzuri unafika, ni kama kilomita 50 kwenda kusini, unapita Tongoni kwenye magofu, unapita Kigombe ndani ya Hifadhi ya Silikanti, afu unasubiri maji yajae ndo uingie mtoni maana pale mdomoni mwa mto Pangani kuna fungu la mchanga na mawimbi yakikatika juu yake kwenye maji madogo hutaki kuwepo. Na tukitaka Maziwe tunatia nanga nje ya matumbawe tunashuka kwa kimtumbwi, kile kisiwa ni mchanga mtupu na maji yakijaa sana kinafunikwa, kwahiyo ratiba inapangwa na bahari.

Sasa msije mkadhani ni rahisi. Kwenda kusini kipindi cha kusi unapambana na vitu viwili, upepo wa omo, yaani wa mbele, na mkondo, maana mkondo wa pwani yetu unapanda kaskazini na kusi ikivuma ndo unazidi nguvu. Hapo mashua hii na foromali lake ni jasho. Kupindua sio kama ngalawa: unaanguka na upepo kwanza, unageuza nyuma ionane na upepo, foromali linasimamishwa wima linapitishwa mbele ya mlingoti na tanga lote linahamia upande mwingine, henza, kamba ya kupandishia tanga, ihamishwe, kila mtu ajue anashika nini. Sisi tulikuwa saba na nahodha mwenyewe akiwa anatuamrisha, na bado mara ya kwanza tanga lilitupiga vichwani. Kila ukipindua hivyo unapoteza nafasi ya kutosha, na ukiwa karibu na mwamba nafasi hiyo huna. Ukiwa na watu wanne tu, upepo ukikaza, hutoki. Au unatoka na mashine, na kama ni mashine si bora ungenunua faiba ukalala.

Kuhusu hali yake. Kulikuwa na mzee mmoja fundi pale Deep Sea, tumemkuta kakaa kivulini anasokota pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nafasi kati ya mbao, nikamwamkia shikamoo nikamwomba aje atupie jicho, tutampa ya soda. Kaja na bisibisi na nyundo ndogo. Mwenye mashua akaanza kusifia rangi, mzee akamkata, "Mjukuu wangu, hiyo rangi imepakwa ili huyu anunue, we nipishe." Akaanza kugonga ubao mmoja mmoja kutoka mbele, anasikiliza, akifika penye mashaka anachomeka bisibisi. Mbao za juu nzima kabisa. Kwenye mataruma mawili ya nyuma, zile mbavu za chombo, bisibisi ikaingia kama kwenye embe bivu. Afu akatuonyesha kuzunguka vichwa vya misumari mbao imekuwa nyeusi, ile ni misumari ya chuma cha kawaida inakula kutu na kutu inaoza mbao taratibu kwa ndani, unaona nje kila kitu shwari kumbe msumari umebaki uzi. Akasema chombo kitolewe misumari ya upande mmoja kwanza wabadilishe kwa ile iliyochovywa zinki, mataruma mawili mapya, kalafati yote upya chini ya maji. Nikamuuliza, "Mzee kwa makadirio shilingi ngapi?" Akacheka, akasema milioni mbili na nusu na wewe ulete mbao. Mwenye mashua alikuwa kimya muda wote huo, na kwa haki yake hakumbishia mzee.

Hapo ujue na gharama ya kila mwaka ipo. Chombo cha mbao cha ukubwa huu kinatakiwa kipandishwe, kichomwe chini kwa makuti kuua wadudu na kusafisha magugu, kipakwe deheni ile ya chokaa na shahamu, juu kipakwe sifa, yale mafuta ya samaki, nyuzi za kalafati zilizotoka zirudishwe. Ngalawa nayo inataka hayo lakini ngalawa watu wanne mnaikokota mpaka mchangani mnaifanya Jumamosi moja mnaenda kula. Mashua lazima usubiri bamvua, maji yajae sana uipandishe juu kabisa, uiegemeze kwa magogo, maji yakipwa ndo ufanye kazi, na hapa kwetu bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 kwahiyo ukikosea siku unakaa na chombo nchi kavu mpaka bamvua nyingine. Hapo hujalipa vijana wa kusukuma. Na mashua inavuja, nyingi zinavuja kidogo, hii inavuja zaidi ya kidogo. Ikikaa siku mbili bila mtu wa kukumba ngama, yale maji yanayojikusanya ndani, unaikuta imekaa chini. Maana yake mlinzi wa kila siku, na mlinzi ni mshahara.

Kwenye mwendo mashua ilinishangaza, nilidhani itakuwa nzito kumbe ikishika upepo wa ubavuni inakwenda vizuri tu, kama kilomita 11 kwa saa na imetulia. Ila ina ukomo. Chombo kizito kinabanwa na urefu wake wa kwenye maji, hiyo ni hesabu inayojulikana, kwa futi 25 zinazogusa maji kama hii ukomo ni kama kilomita 12 kwa saa, ukiongeza upepo zaidi ya hapo inainua wimbi lake lenyewe mbele na kulisukuma, unaumiza tanga na mlingoti bila kupata kitu. Ngalawa ni nyembamba inapasua tu, kwahiyo fupi lakini inaiacha mashua kwa upepo wa wastani. Bahari ikichafuka mambo yanageuka: mashua inaendelea na mwendo wake, ngalawa inaanza kuruka ruka na watu wanakumba maji badala ya kuendesha.

Kwenye resi kuna jambo ambalo watu wa hela hawalifikirii, utashindana na nani. Resi za sikukuu huku kwetu zinajaa ngalawa na mitumbwi, vijana wa Sahare na wa vijiji vya jirani wanakuja na vya kwao, ukiwa na ngalawa ya futi 19 una wapinzani wa saizi yako na unajifunza kila mara maana wenzako ni wavuvi, wanalala na kuamka na bahari. Mashua ya futi 29 utakuja kushindana na nani? Ukitaka resi za mashua za heshima nenda Lamu kipindi cha Maulidi, kule wanaweka ubao unatoka nje upande wa joshi, unakotoka upepo, wanakaa watu juu yake kuisawazisha, mifuko ya mchanga inahamishwa kila wakipindua, ni mchezo wa timu nzima na mazoezi yake. Unguja nako kwenye Tamasha la Nchi za Jahazi wamekuwa wakishindana kwa ngalawa. Hata wazungu waliokuwa wakija kushindana siku kadhaa huko kusini kati ya Mafia na Unguja walitumia ngalawa, na walilala visiwani na mahema, sio kwenye chombo. Kwahiyo kwa upande wa resi sioni mjadala.

Usalama na karatasi nitapita haraka. Chombo chochote kisajiliwe na kikaguliwe TASAC, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini, muulize muuzaji karatasi kabla ya kuuliza bei, wa ngalawa anazo, wa mashua anasema ziko kwa kaka yake Dar. Nimemwambia kaka azitume basi. Maboya ya kujiokolea ni ya kwako kununua kwenye vyote viwili, zile za mashua ni tatu na mikanda imekatika. Na TMA, watu wa hali ya hewa, wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi kwa Tanga na Pemba, chombo kibaki ufukweni hata kama pilau limeshapikwa. Upande wa Chongoleani nako upite mbali, kule kwenye gati la bomba la mafuta kutoka Hoima sio pa kwenda kuvinjari.

Turudi kwenye kilichoamua. Sisi wanne, mmoja yuko kiwandani na shifti zake, mmoja bandarini, mmoja anafundisha, mi ndo niko huru zaidi. Nimekaa nikahesabu ni wikiendi ngapi tunaweza kuwa pamoja wote wanne na tukapata na wengine watatu wa kushika foromali, wenye nguvu, wanaojua, wasiotaka posho. Jibu mnalijua. Mashua tungeinunua, ingekaa Deep Sea inavuja, tungekuwa tunamlipa mlinzi aikumbe maji, na mwisho tungekuwa tunaikodisha kwa wavuvi ili ijilipie, na chombo kikishaanza kukodishwa wikiendi yako hukioni tena. Mwenzangu anayeipenda mashua anasema tukiwa nacho watu watakuja. Labda. Mi naona watu wanakuja siku ya kula samaki, siku ya kukalafati kila mtu ana msiba.

Na kuna kitu kingine, mashua za kukodi zipo. Tukitaka kwenda Pangani na familia mara moja moja tunakodi mashua na nahodha wake na mabaharia wake, wanaojua lile fungu la mdomo wa mto, sisi tunakaa kivulini tunakunywa chai. Ngalawa ya resi huwezi kukodi, mtu hakupi ngalawa yake nzuri siku ya mashindano.

Tumempa wa Sahare milioni 1 na laki 8, kwa sababu ya kamba, kile kibao cha kushoto na tanga ambalo ni turubai zuri lakini limeshonwa viraka viwili karibu na gosi, ile pembe ya chini ya mbele. Kakataa, kasema milioni 1 na laki 9. Tumeachana hapo, bamvua ijayo tunarudi wakati wa maji kupwa tuione chini yote, na mzee wa bisibisi kakubali kuja. Wa mashua naye kapiga simu jana kashuka mpaka milioni 9, karatasi bado ziko kwa kaka yake.